Kutembelea Kurasa za Intaneti kwa Kibodi Pekee

Natumia kompyuta bila kipanya, kwa sababu kifundo cha mkono wangu wa kulia hakistahimili tena kukisogeza kutwa nzima. Wanaonikuta kazini hushangaa kwamba ninasoma habari, ninajaza fomu na kulipa bili bila kugusa kitu kingine isipokuwa kibodi, nami ningependa kueleza jinsi inavyowezekana, na pale inapokwama, kwa nini inakwama.

Kitufe kikuu ni Tab. Kila unapokibonyeza, kivinjari hukupeleka kwenye kitu kinachofuata unachoweza kukitumia, kiwe kiungo, kitufe au kisanduku cha kuandikia, na ukishikilia Shift pamoja nacho unarudi nyuma. Enter hufungua kiungo, na kitufe kirefu cha nafasi hutia tiki au kuiondoa. Penye kuchagua jibu moja kati ya kadhaa, kama vile njia ya malipo, Tab hukufikisha kwenye kundi zima mara moja, kisha vitufe vya mishale ndivyo vinavyokuhamisha kutoka jibu hadi jibu. Hapo ndipo wanaoanza hukwazika, kwani hubonyeza Tab wakitarajia jibu la pili, wakajikuta wamelivuka kundi lote na kudhani kwamba ukurasa umeharibika.

Hata hivyo, kupita kiungo kimoja kimoja kwenye ukurasa mrefu kunachosha, na hakuna haja. Bonyeza Ctrl na F, andika neno lililomo kwenye kiungo unachokitaka, kisha bonyeza Esc ili kufunga kisanduku cha kutafutia. Katika Chrome na Firefox utakuwa umesimama juu ya kiungo hicho, na Enter itakifungua. Firefox ina njia fupi zaidi, kwani alama ya ritifaa hufungua utafutaji unaoangalia viungo peke yake. Ctrl na L hukupeleka kwenye anwani, na Alt pamoja na mshale wa kushoto hukurudisha ukurasa uliotangulia. F7 huwasha kishale ndani ya maandishi, ukaweza kunakili sentensi kwa Shift na mishale kama ufanyavyo kwenye barua unayoiandika. Wenye Mac wanaotumia Safari wafahamu kwamba huko Tab huviruka viungo hadi ubadilishe mpangilio, au uishikilie Option pamoja nayo.

Hayo yote huja na kivinjari bure. Mtu akitengeneza ukurasa kwa HTML ya kawaida, yaani lugha ya kuundia kurasa za intaneti, akatumia kiungo mahali pa kiungo na kitufe mahali pa kitufe, kibodi itafanya kazi bila yeye kuongeza chochote. Ndiyo maana nasema kwamba ukurasa usiotumika kwa kibodi, mara nyingi, ni ukurasa ulionyang'anywa uwezo ambao tayari ulikuwa nao.

Unyang'anyi ulioenea zaidi ni wa ule mstari unaozingira kitu ulichokifikia. Wabunifu wengi huuona unaharibu sura ya ukurasa, wakaufuta kwa agizo moja fupi la CSS, lugha ya kupangia sura ya ukurasa, yaani outline: none, na kuanzia hapo anayetumia Tab hajui yuko wapi. Anabonyeza, ukurasa unajisogeza kidogo, lakini hakuna kinachomwonyesha kama Enter itatuma fomu au itaifuta. Hakuna sababu ya kuufuta, kwa kuwa CSS ina kiteuzi kiitwacho :focus-visible, kinachomwezesha mbunifu kuuonyesha kwa anayetumia kibodi bila kumwonyesha anayebofya kwa kipanya. Kosa la pili ni kuchukua div tupu, yaani kisanduku cha HTML kisicho na kazi maalumu, kuipaka rangi ifanane na kitufe na kuiagiza iitikie kubofywa. Macho huona kitufe, lakini Tab hupita kana kwamba hapana kitu.

Mwongozo wa kimataifa wa WCAG, unaoeleza jinsi ya kufanya kurasa zitumike na watu wenye ulemavu, na ambao toleo lake la 2.0 lilitolewa mwaka 2008 na la 2.2 mwaka 2023, unalitaja jambo hili waziwazi: kila kinachofanyika kwenye ukurasa kiweze kufanyika kwa kibodi, mtumiaji asinaswe mahali asipoweza kutoka, na alama ya mahali alipo ionekane. Unataka pia pawepo njia ya kuruka sehemu zinazojirudia kila ukurasa, na Wikipedia ni mfano mzuri, kwani Tab ya kwanza huleta kiungo cha kwenda moja kwa moja kwenye makala bila kupitia menyu yote.

Mimi naweza kuazima kipanya siku ya dharura. Asiyeona hana njia hiyo. Programu ya kusoma skrini ya NVDA, iliyoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye haoni, na kuendelezwa pamoja na James Teh, hupatikana bila malipo na huweza kusoma Kiswahili kwa sauti. Humo, herufi H humrusha msikilizaji kutoka kichwa cha habari hadi kingine, na tarakimu 1 hadi 6 humpeleka kwenye vichwa vya ngazi husika. Lakini ikiwa mwandishi amekoleza tu wino badala ya kuweka kichwa halisi, H haitapata kitu, na msikilizaji atalazimika kuusikiliza ukurasa tangu juu.

Kuna tovuti ya kukatia tiketi za basi ambayo naijaza vizuri hadi kwenye tarehe ya safari, ambapo hufunguka kalenda isiyoitikia Tab wala mishale, na kisanduku chake kinakataa kuandikwa. HTML ina kisanduku chake cha tarehe kinachokubali siku, mwezi na mwaka kwa tarakimu za kibodi. Wakikiweka hicho mahali pa kalenda yao, nitaweza kumaliza kukata tiketi bila kumwita mtu aje anibofyee siku moja.