Nusu Dakika ya Kungoja

Jumapili, usiku.

Leo redio ya pikapu imesema. Mezani, nilipokuwa naitengeneza, ilishasema wiki tatu zilizopita, lakini mezani ni mezani. Leo imesema ikiwa kwenye dashibodi, kwa betri ya gari na antena ya gari, na mimi nimekaa nyuma ya usukani mikono ikiwa bado na grisi.

Mwanangu alikuwa kiti cha abiria. Nilipozungusha swichi alingoja labda sekunde tano, kisha akaniangalia kwa huruma. "Baba, imekufa." Nikamwambia haijafa, inaamka. Akasogeza sikio kwenye dashibodi, macho yakamtoka. "Kuna mdudu humu ndani!" Kweli, mvumo wake ni kama wa nyigu aliyefungiwa kwenye kopo. Tukakaa kimya sote wawili. Halafu sauti ya mtu ikaanza kupanda taratibu kutoka mbali, kama mtu anayekuja akizungumza huku bado yuko nje ya ua, mpaka ikajaa gari zima.

Mtoto huyu hajawahi kungoja redio ipate moto. Kwake kitu kikiwashwa huwa kimewaka, na kisipowaka kimeharibika. Nimefikiri sana juu ya hilo jioni hii, ndiyo maana ninaandika badala ya kulala.

Gari lenyewe ni Chevrolet ya 1954, na kwa mambo ya redio mwaka huo una maana yake. Ni la volti 6. Chevrolet walianza kuhamia volti 12 kwenye modeli za 1955, Ford wakafuata kwenye za 1956. Kwa hiyo redio yangu ni ya kizazi kilichobanwa na swali gumu: vali (zile chupa za kioo zinazopashwa moto ili zikuze sauti) zinataka volti mia mbili na zaidi ili zifanye kazi, betri ina volti sita tu, na transfoma haiwezi kupandisha umeme wa betri kwa sababu umeme huo umetulia, haupandi wala haushuki. Watu wa miaka ya 1930 walilijibu kwa kifaa ambacho hadi leo nikikitazama nacheka kidogo: vibreta. Ni kopo la ukubwa wa kiganja, ndani yake kuna ulimi wa chuma unaopigapiga huku na huku kama mara 115 kila sekunde, ukifunga na kufungua njia ya umeme. Umeme uliotulia unakatwakatwa, transfoma inadanganyika na kuupandisha, kisha vali nyingine inaunyoosha tena. Katika redio nyingi za aina hii vali hiyo ni 0Z4, ambayo haina hata uzi wa moto ndani, ina gesi tu. Yaani huyo nyigu aliyesikika ndiye anayebeba kila kitu. Akinyamaza, redio ni bati lenye vifungo.

(Nilipoanza mambo haya nilijiambia: volti sita, itaniuma nini? Nikaingiza kidole upande wa pili wa transfoma. Imenifundisha mara moja, imetosha.)

Niliponunua gari, redio ilikuwa mahali pake, imekwama, imejaa vumbi na mavi ya panya. Kuitoa ni kazi ya kulala chali sakafuni, kichwa kikiwa kwenye pedali na miguu nje ya mlango, na sitaizungumzia zaidi. Kilichonishtua ni fyuzi. Kwenye waya wa umeme kuna kifuko kidogo cha fyuzi, nikakifungua nikakuta fyuzi iliyoungua imeviringishiwa karatasi ya fedha, ile ya kwenye pakiti za sigara. Fundi mmoja wa zamani alichoka kubadilisha fyuzi, akaamua kuinyamazisha. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fyuzi haikuwa inaungua kwa ukorofi, ilikuwa inasema kitu.

Ilikuwa inasema hivi: kapasita ya bafa (kapasita ni kifaa kinachotunza umeme kidogo na kuuachia) imekufa. Hii ni kapasita moja ndogo iliyofungwa kwenye ncha za volti kubwa za transfoma. Kazi yake ni kumeza mshtuko unaotokea kila ulimi wa vibreta unapoachia mguso. Inapigwa mara mia na kitu kwa sekunde, miaka na miaka. Ikifa kwa kushoti, vibreta inavuta ampia nyingi mno, migusano (vipande vya chuma ambavyo ulimi unavigusa) inaungana, na kama fyuzi imevalishwa karatasi ya fedha, kinachofuata ni transfoma. Yangu ilinusurika, sijui kwa bahati ya nani. Karatasi yake ya nje ilikuwa imekuwa kahawia kama maandazi yaliyosahaulika kwenye mafuta, lakini vipimo vilitoka sawa.

Tangu siku hiyo nina sheria moja: redio yoyote ya vibreta ikifika mezani kwangu, bafa inatoka kabla sijaipa umeme hata wa sekunde moja. Na inayoingia lazima iwe na thamani ileile iliyokuwepo, kwa sababu ilichaguliwa ioane na transfoma ile na kasi ya ulimi ule, na iwe ya kuhimili volti 1600 au zaidi. Hapa si mahali pa kuweka chochote kilichomo droo.

Kosa langu mimi lilikuwa jingine. Nilijifunza ufundi kwenye redio za nyumbani, na huko redio iliyolala miaka arobaini huamshwa polepole: unaipa umeme kidogo, unaongeza, unaongeza, kapasita zake kubwa zinajikumbuka. Nikafanya vivyo hivyo. Volti mbili, tatu, nne. Vibreta ikatoa mlio mmoja wa kuchoka kisha ikaganda, sindano ya ampia ikapanda juu. Nikazima haraka. Mzee aliyenifundisha kazi hii nilipompigia simu alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo mwanangu si mgonjwa wa kulishwa uji. Hiyo ni pikipiki. Ipige teke moja la nguvu au iache." Vibreta inataka volti zote kwa pamoja, kutoka kwenye kitu chenye nguvu kama betri halisi, la sivyo ulimi haupati kasi ya kujirudisha na migusano inashikana. Ustadi niliokuwa najivunia ndio ulionigharimu jioni tatu za kuikwangua migusano hiyo.

Na jioni hizo tatu zilikuwa tamu, lazima niseme. Unakunjua ukingo wa kopo kidogo kidogo kwa koleo, kama anayefungua barua bila kutaka ijulikane imefunguliwa. Ndani kuna sponji ya mpira iliyogeuka lami. Migusano ilikuwa na weusi mwembamba, unaotosha kuzuia umeme wote. Msasa laini sana, kisha kipande cha karatasi ngumu chenye spiriti, kinavutwa katikati ya migusano mpaka kitoke cheupe.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenisumbua kuliko yote, na halihusu umeme.

Redio hizi zina kapasita za karatasi na nta. Zimechoka zote. Hakuna haja ya kupima ipi nzima, zinavuja tu, na ile inayopeleka sauti kwenye gridi (mlango wa kuingilia) ya vali ya mwisho ikivuja inaisukuma vali hiyo inywe umeme hadi iwe nyekundu, ikifuatwa na transfoma ya spika. Kwa hiyo zinabadilishwa. Mpya ni ndogo, za njano, za plastiki. Lakini kuna mila miongoni mwa wapenda vitu vya asili: unaipasha ile ya zamani moto, unavuta matumbo yake, unaingiza ya njano ndani ya ganda la karatasi, unaziba ncha kwa nta ileile. Ukifungua redio unaona 1954 tupu.

Nilifanya nne hivyo. Zilitoka nzuri sana, nikazipiga picha. Nilipoishika ya tano nikajiuliza: ninamficha nani? Redio ina kifuniko cha bati na skrubu. Dereva haoni ndani, abiria haoni. Atakayefungua ni fundi atakayekuja baada yangu, labda nikiwa sipo. Naye akiona ganda la nta atasema, naam, kapasita za zamani, zimeoza, atazikata zote na kutupa kazi yangu nzima. Au mbaya zaidi, atapata tatizo jingine na ahangaike siku mbili akilaumu kitu kisicho na kosa. Mtu pekee ambaye udanganyifu wangu ungemfikia ni yule ambaye tunashirikiana naye kazi.

Zilizobaki nimeziacha uchi, njano kabisa. Kwa hiyo redio yangu sasa ni chotara, upande mmoja umevaa kanzu na upande mwingine kaptura. Ndani ya kifuniko nimebandika karatasi: nilichobadilisha, tarehe, na mstari mmoja unaosema ganda nne za nta si za kuaminiwa. Wapo watakaoniona nimeharibu. Pia wapo wanaotoa kila kitu, wanatia saketi ya bluetooth nyuma ya vifungo vya zamani, na piga ya stesheni, ule uso wenye namba, inabaki pambo. Gari ni lao. Mimi nikiingia kwenye gari kama hilo nahisi kama nimesalimiana na mtu na mkono wake ukabaki mkononi mwangu.

Vivyo hivyo kuhusu vibreta za kielektroniki. Zipo, zinachomekwa palepale, hazivumi, hazichoki, na kwa gari la safari ndefu ningemshauri mtu aweke bila kusita. Mimi nimenunua moja. Imo kwenye kisanduku cha dashibodi, ni ya dharura. Nyigu nimemwacha kazini.

Turudi kwenye gari. Mezani redio ilikuwa inaimba kwa waya mrefu dirishani, nikaifunga kwenye dashibodi nikiwa na kiburi, ikawa kiziwi. Stesheni mbili tu, tena kwa mbali. Nikaanza kushuku kila nilichokigusa. Mwisho nikakumbuka skrubu moja ndogo karibu na tundu la antena. Antena na kebo yake ni sehemu ya saketi ya kwanza ya redio, na redio haijui imefungwa kwenye antena gani mpaka uiambie. Unainua antena yote, unatafuta stesheni dhaifu kwenye kilohezi 1400 hivi, unazungusha skrubu hiyo pole pole mpaka sauti ifike kilele. Robo ya mzunguko. Hiyo tu ndiyo iliyotenganisha ukiziwi na uhai.

Hapo ndipo mwanangu aliziona pembetatu mbili ndogo kwenye uso wa stesheni, moja kwenye 640 na nyingine 1240. Ni alama za CONELRAD, mpango wa Marekani ulioanza mwaka 1951: vita vikilipuka, stesheni nyingine zizime ili ndege za adui zisizifuate, na wananchi wasikilize masafa hayo mawili tu. Redio zilizouzwa huko kuanzia 1953 zilitakiwa ziwe nazo, hadi mpango ulipofutwa 1963. Nikamweleza kwa urahisi nilivyoweza. Akauliza kama vita vilikuja kwenye redio hii. Nikasema hapana. Akaonekana kusikitika kidogo, watoto bwana.

Kisha nikawasha injini, na furaha ikapungua. Tiki-tiki-tiki inayofuata pedali ya mafuta, hiyo ni cheche za plagi. Juu yake mluzi mwembamba unaopanda na kushuka, hiyo ni jenereta. Cheche nimezipunguza kwa rezista, kizuizi kidogo cha umeme, kwenye waya mkuu wa distribyuta inayogawa cheche kwa plagi. Jenereta inadai kapasita yake, na inafungwa kwenye skrubu ya A (inayotoa umeme), kamwe si F (inayoongoza nguvu ya jenereta), kwa maana ukiiweka kwenye F unaunguza migusano ya regyuleta, kidhibiti cha jenereta. Nimeiandika kwa kalamu nene juu ya sanduku la zana. Nafsi yangu naijua.

Kwa leo tulizima injini tu. Giza lilikuwa limeingia, na masafa ya kati usiku huwa na miguu mirefu: stesheni ambazo mchana hazifiki zikaanza kuja, zikipishana, moja ikimeza nyingine, kuna wimbo, kuna mtu anasoma habari kwa lugha nisiyoielewa, kisha mvua ya makelele. Mwanangu akazungusha kitufe kwa vidole viwili kama anafungua kasha la hazina. Hakuuliza kwa nini sauti si safi.

Mwisho akaomba azime mwenyewe. Akazima, nyigu akakata. Akangoja vali zipoe, kwa amri yangu, kisha akawasha tena na kuanza kuhesabu kwa sauti. Alifika ishirini na sita kabla mtu wa kwenye redio hajasema neno.

Taa ya piga bado haiwaki. Balbu ni nzima, nimeipima. Itakuwa waya. Hiyo ni ya Jumamosi.