Wazee Walilia, Vijana Wakashangilia

Somo: Ezra 3:10-13

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Msingi wa hekalu jipya ulipowekwa Yerusalemu, watu wengi walishangilia. Wazee waliowahi kuliona hekalu la kwanza wakaangua kilio. Ezra anasema sauti zilichanganyika hata watu wasiweze kupambanua shangwe na kilio. Hatusomi popote kwamba kuhani aliwanyamazisha wazee, eti wanaharibu sherehe.

Juma hili somo limenipeleka Fengjie, mji wa kale kando ya Mto Yangtze, China. Ujenzi wa bwawa la Magenge Matatu (Three Gorges) kwenye mto huo ulianza mwaka 1994. Kabla maji hayajapanda, katika miji ya bonde lile ziliwekwa alama za kuonyesha yatafika wapi: 135, kisha 175, yaani mita juu ya usawa wa bahari. Hebu fikiri unafungua mlango asubuhi, na alama ya maji iko juu ya paa lako! Kisha wakaja vibarua na nyundo, wakaubomoa mji wa zamani na kuchomoa nondo za kuuza. Mashamba ya michungwa ya mteremko wa chini yakazama. Makaburi nayo yalitakiwa kuondolewa, na zipo koo zilizofukua mifupa ya wazee wao zikahama nayo, kama Musa alivyoichukua mifupa ya Yusufu (Kutoka 13:19). Maji yalianza kujazwa Juni 2003, yakafika 175 mwaka 2010. Katika bonde zima walihamishwa watu zaidi ya milioni 1.2.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mto ule umeua sana; mafuriko ya mwaka 1954 pekee yaliondoka na watu zaidi ya 30,000. Fengjie mpya, iliyojengwa juu zaidi kwa jina lile lile, ina maghorofa, madaraja, na tangu 2022 treni ya mwendo kasi. Kijana anayesoma Chongqing anarudi nyumbani kwa treni, safari ambayo babu yake aliifanya kwa meli. Anashangilia, na ana haki. Ila babu akitaka kumwonyesha alipozaliwa, atanyoosha kidole majini.

Wengine wa bonde lile walipelekwa mbali kabisa, hadi kisiwa cha Chongming huko Shanghai: watu wa milimani kwenye nchi tambarare, sokoni wakisikia lahaja isiyo yao.

Mtu kama huyo sisi waumini humwahi na neno: "Mshukuru Mungu, umepata nyumba nzuri." Nyumba ni nzuri kweli, lakini maneno hayo husemwa na mtu ambaye kwao bado kupo. Mungu hakuanzia hapo. Miaka kama 16 baada ya kilio kile, kwa kinywa cha Hagai, aliuliza kwanza ni nani aliyesalia ambaye aliiona nyumba ile, yaani hekalu, katika utukufu wake wa kwanza, na sasa anaionaje (Hagai 2:3). Ahadi ya utukufu ulio mkuu zaidi ilifuata baadaye, katika mstari wa 9.

Tuombe: Bwana, uwakumbuke wazee wa Fengjie na wale wa Chongming. Uwape wajukuu watakaowauliza mji ulikuwaje, na wakae wasikilize hadi mwisho. Amina.