Soma, Kisha Funika Kitabu

Mwaka 1946 Francis P. Robinson, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani, alieleza namna ya kudurusu kitabu cha kiada kwa hatua tano: kuipitia sura juu juu, kujiuliza maswali, kusoma, kujisemea yaliyosomwa bila kutazama kitabu, na kuyarudia baada ya muda. Hatua tatu za mwanzo walimu wengi huzihimiza. Ya nne ndiyo inayorukwa, nami naiona kuwa ndiyo yenye kazi kubwa kuliko zote.

Chukua mada ya Vita vya Maji Maji, anayoisoma kila mwanafunzi wa historia Tanzania. Kabla ya kusoma, kichwa cha habari hugeuzwa swali: kwa nini watu wa kusini waliinuka dhidi ya Wajerumani mwaka 1905? Ukimaliza kusoma, funika kitabu ujibu kwa maneno yako. Kodi utaikumbuka, na kilimo cha lazima cha pamba, na dawa ya maji ya mganga Kinjikitile kule Ngarambe, iliyoaminiwa kuzigeuza risasi kuwa maji. Lakini huenda ukakwama unapotaka kueleza jinsi imani hiyo ilivyowaunganisha watu wasiokuwa na mtawala mmoja. Hapo ulipokwama ndipo pa kurudia, wala huna haja ya kuanza tena ukurasa wa kwanza.

Wanasaikolojia wa Marekani Roediger na Karpicke walilipima jambo hili mwaka 2006. Baada ya dakika 5, wanafunzi waliorudia kusoma habari fupi waliwashinda wenzao walioisoma mara moja kisha wakaandika waliyoyakumbuka. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojikumbusha walikuwa na takriban asilimia 56 ya habari, waliorudia kusoma asilimia 42. Ndiyo maana siziamini sana kalamu za rangi, hasa ukurasa mzima unapokuwa wa njano; macho huzoea maneno, na mazoea hayo hujifanya ujuzi.

Wanafunzi wa madrasa huisoma aya kwa kichwa mbele ya mwalimu, ingawa wao hutakiwa kuhifadhi neno kwa neno, ilhali msomaji wa historia hutakiwa kufafanua. Kwa hiyo asiyekuwa na wa kumsikiliza aandike sentensi tatu au nne kwenye karatasi tupu, azilinganishe na kitabu, na kesho yake ajaribu tena kabla hajakifungua.