Kumbukumbu ya mradi wangu: kuitoa chumvi kwenye Cessna 172, Kisauni

Mradi huu ulianza kwa nia ndogo, yaani kuirusha ndege yetu kutoka Kisauni, Unguja, hadi Chake Chake, Pemba, na kurudi siku hiyo hiyo kabla msimu wa kusi haujaisha. Umechukua miezi mitatu, na karibu muda wote huo ndege ilikuwa chini kwa sababu ya chumvi. Ninaziandika hatua zake ili nizikumbuke mwenyewe, na ili zimfae yeyote anayefikiria kuweka ndege ndogo hapa visiwani.

Ndege yenyewe ni Cessna 172M iliyotengenezwa mwaka 1974, yenye viti vinne na injini moja ya Lycoming O-320 ya nguvu za farasi 150. Tunaimiliki watu watatu, na mimi ndiye ninayekaa karibu nayo, kwa hiyo kuitunza ni kazi yangu. Hulala nje, kwenye maegesho ya Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, mwendo mfupi tu kutoka baharini. Kitabu cha matengenezo kinataka oili ibadilishwe kila baada ya saa 50 za kuruka, na kila baada ya saa 100 ndege ifunguliwe na kukaguliwa. Hesabu hiyo ni nzuri kwa ndege inayoruka kila siku. Yetu huruka saa zisizofika 60 kwa mwaka, na siku zote nyingine husimama palepale ikipigwa na upepo wa bahari. Vitone vya maji ya chumvi hutua juu ya bati, jua huvikausha, chumvi hubaki, kisha usiku umande huiyeyusha tena na kuiingiza katika kila mshono. Ukisubiri saa 50 zitimie ndipo uangalie, miezi kumi imeshapita.

Mwishoni mwa Mei, mvua za masika zilipoanza kupungua, nililala chali chini ya bawa la kushoto nikiwa na kurunzi na kioo kidogo chenye mpini. Karibu na ukingo wa nyuma, mahali ambapo mabati mawili yanapandana na kushikwa kwa mstari wa ribiti, rangi nyeupe ilikuwa imevimba kwa viputo vidogo, kila kimoja kama punje ya mtama. Nilikibonyeza kimoja kwa ukucha, kikapasuka, na ndani yake ukatoka unga mweupe, mwepesi, unaoshika kidoleni kama unga wa muhogo. Hiyo ndiyo kutu ya aluminiamu. Haina wekundu wa kutu ya chuma, ndiyo maana watu wengi huiona na kuipita. Unga huo huchukua nafasi kubwa kuliko bati lililoliwa, kwa hiyo ukiwa ndani ya mshono hulisukuma bati la juu na kulivimbisha kati ya ribiti moja na nyingine.

Siku hiyo hiyo nilifungua kifuniko cha mahali mguu wa bawa, yaani nguzo ya mshazari inayolishikilia, unapoungana na kiwiliwili. Skrubu mbili kati ya zilizokishika zilikuwa za chuma cha kawaida, za aina inayouzwa dukani kwa kazi za nyumba, badala ya zile zilizopakwa kadimiamu, metali ya kuzuia kutu, ambazo kiwanda kimeziagiza. Chuma kikigusana na aluminiamu katika maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa, na tundu za skrubu hizo mbili zilikuwa zimeshaanza kulika. Kazi hiyo ilifanywa katika karakana moja kabla hatujainunua ndege, na waliipaka rangi juu yake ikang'aa. Jambo hili liliniumiza sana, kwa sababu mwenye kufunga skrubu ile alijua kwamba kuna watu watakaopanda.

Baba mdogo wangu ni fundi wa majahazi Nungwi. Juni alikuja mjini kwa shughuli zake, nikampitisha uwanjani. Baada ya kumwamkia nilimwonyesha bawa. Alipapasa mstari wa ribiti kwa kidole gumba, taratibu, kama apapasavyo mbao za jahazi kutafuta msumari unaooza.

"Mwanangu, hapa mtu alipaka juu ya maradhi," alisema. "Sisi chombo hatukipaki deheni mpaka kimekwanguliwa na kukauka. Ukipaka juu ya unyevu umeufungia ndani ule."

Mhandisi wetu mwenye leseni, ambaye ndiye anayeruhusiwa kuweka saini kwenye kitabu cha ndege, alikuwa ameniambia karibu maneno hayo hayo wiki moja kabla. Chini ya uangalizi wake nilifanya kazi ya mikono kwa Jumamosi saba. Rangi iliondolewa kwa dawa ya kuibabua, na kutu ikasuguliwa kwa msasa laini wa oksaidi ya aluminiamu. Nyuzi za chuma haziruhusiwi kabisa hapo, kwa maana vipande vyake huganda ndani ya bati laini na kuanzisha kutu mpya. Kusugua kwenyewe kunataka subira. Bati la ndege hii lina unene wa karibu nusu milimita mahali pengi, na uso wake una utando mwembamba wa aluminiamu safi uliowekwa kiwandani ili kulilinda. Kila unaposugua unauondoa ulinzi huo pamoja na kutu, kwa hiyo husugui zaidi ya inavyolazimu. Kutu ilipokwisha, mhandisi alipima unene uliobaki na kuulinganisha na kiwango cha kitabu. Bati la bawa lilipita. Kipande kimoja cha kifuniko hakikupita, tukakibadilisha pamoja na skrubu zote. Kisha bati likaoshwa kwa asidi nyepesi ya fosforasi na kupakwa dawa ya kromati, iliyoligeuza rangi ya dhahabu iliyofifia, na baada ya kukauka likapakwa praima na rangi.

Injini ilinitia hofu zaidi ya bawa. Katika Lycoming za aina hii kamshafti, mhimili unaofungua vali, imewekwa juu ya kranki, mhimili mkuu wa injini, kwa hiyo ndege ikisimama wiki nyingi oili yote huchuruzika chini na kuiacha kamshafti tupu mbele ya hewa yenye unyevu. Kutu ndogo juu yake hugeuka msasa siku injini inapowashwa. Wapo wanaodhani kwamba dawa yake ni kuiwasha ndege kila wiki maegeshoni kwa dakika tano. Hilo linaharibu, kwa sababu kuungua kwa mafuta huzaa maji, na oili isipopata moto wa kutosha, nyuzi 80 za Selsiasi hivi, maji hayo hayatoki bali hubaki ndani. Ama ndege iruke nusu saa au zaidi, ama isiguswe. Nililikata gamba la filta ya oili, nikaikunjua karatasi yake urefu wote juu ya kitambaa cheupe, nikapitisha sumaku mkunjo kwa mkunjo. Sikupata chembe ya chuma. Niliikunjua mara ya pili ili nihakikishe.

Plagi zote nane zilisafishwa vijitonge vya risasi vinavyoachwa na petroli ya ndege, na ndani ya bomba la kupimia mwendo tulikuta udongo wa nyigu. Magineto mbili, vifaa vinavyozipa plagi umeme, zilijaribiwa kwa mizunguko 1,700 kwa dakika, na zote zilikuwa ndani ya kiwango.

Kwa safari ya Pemba, hesabu iliyonishughulisha zaidi ilikuwa ya kimo. Njia iliyonyooka kutoka Kisauni ni karibu maili 68 za baharini, lakini hukuacha juu ya maji muda mrefu. Nilichagua kufuata pwani ya magharibi hadi Nungwi kisha kuvuka, na huko kunaongeza maili nne au tano tu. Kati ya Nungwi na ncha ya kusini ya Pemba pana karibu kilomita 49. Injini ikizima, Cessna 172 huteleza takriban mita tisa mbele kwa kila mita moja inayoshuka. Kutoka futi 5,500 hiyo ni kilomita 15, kwa hiyo katikati ya mkondo panabaki kilomita 19 ambamo hufiki nchi kavu upande wowote, sawa na dakika sita. Kutoka futi 7,500 sehemu hiyo hupungua hadi kilomita nane, dakika mbili na nusu. Upepo unaweza kuibadilisha hesabu hii, lakini tofauti ya vimo hivyo viwili ilitosha kunifanya nisikubali kimo cha chini. Mawingu ya kusi hukaa chini na hujaa upesi, nikaahirisha Jumamosi mbili mfululizo kwa kukosa nafasi ya kupanda kati yake. Makoti ya kuokolea tulikubaliana kuyavaa tangu kabla ya kuwasha injini, kwa kuwa ndani ya chumba kile kidogo huwezi kulivaa wakati ndege inashuka.

Tuliruka Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mimi na mwenzangu mmoja, tukiwa na mafuta ya kwenda na kurudi pamoja na akiba. Tulielekea kusini juu ya njia ya kurukia namba 18, tukageuka kulia juu ya bahari, tukauacha Mji Mkongwe na Bububu upande wa kulia huku tukipanda. Tulipofika Nungwi tulikuwa tayari kwenye futi 7,500, na Tumbatu ilikuwa nyuma ya bawa la kushoto. Katika mkondo sikuzungumza neno. Nilitazama joto la oili na mgandamizo wake zamu kwa zamu. Kisha Pemba ikatokea, vilima na mikarafuu, kijani kizito kinachoeleza kwa nini Waarabu wa kale walikiita kisiwa hicho Al-Jazira al-Khadra, yaani kisiwa cha kijani. Tulitua, tukanywa chai, na saa nane mchana tukarudi.

Siku ya pili asubuhi nilipitisha kidole kwenye ukingo wa mbele wa bawa na kukigusa kwa ulimi. Kilikuwa cha chumvi. Niliiosha ndege yote kwa maji ya mvua niliyoyakinga kwenye mapipa wakati wa masika, kwa kuwa ya kisima chetu yana chumvi yake, nikaipangusa mishono kwa kitambaa kikavu na kupuliza mafuta ya kinga kwenye bawaba. Kazi hiyo sasa imeandikwa katika ratiba yetu ya kila Jumapili, iwe ndege imeruka au haikuruka, na ukaguzi wa chini ya mabawa kwa kioo na kurunzi ni kila mwezi. Mwezi ujao nitaanza kulifungua bati la mkia.