Kidole cha kati na uzi wa yoyo

Jumamosi, usiku

Leo nimecheza yoyo, kile kigurudumu cha kuchezea kinachoshuka na kupanda kwa uzi uliofungwa kidoleni, barazani tangu alasiri mpaka giza likaingia, na kidole hakiniumi. Naliandika hili kwa sababu kwa muda mrefu nilikuwa naingia kulala na alama nyekundu imenizunguka kidole cha kati, na kila niliyemuonyesha alinipa jibu moja: vumilia, utazoea.

Jibu hilo silikubali. Ngozi huzoea, ni kweli. Wachezaji wa siku nyingi wana sugu ndogo pale uzi unapopita. Lakini kidole kinachogeuka zambarau hakizoei kitu, kimekosa damu tu. Sugu ni jambo moja, kubanwa ni jambo jingine, na mgeni wa mchezo huu akiambiwa avumilie vyote viwili kwa pamoja, baada ya siku chache yoyo inaishia kwenye droo. Nadhani ndiko ziliko yoyo nyingi za mjini hapa.

Mwalimu wangu ni mpwa wangu, yuko kidato cha pili. Yoyo ninayochezea ni yake ya zamani, ya plastiki, ile inayorudi yenyewe ukiivuta kidogo. Siku ya kwanza hakuniambia nirushe. Alinishika mkono akasema, "Mjomba, hebu nione kwanza kitanzi chako umekifungaje."

Kumbe kitanzi ndiyo nusu ya habari. Uzi wa yoyo huja na tundu dogo lililokwisha fungwa fundo kwenye ncha yake. Tundu lile si la kutia kidole. Fundo lake halitelezi, kwa hiyo kama ni dogo litakubana na kama ni kubwa litachomoka, nayo yoyo itaruka mpaka kwa jirani. Unachotakiwa kufanya ni kuupitisha uzi wenyewe ndani ya tundu hilo ili upate kitanzi kinachoteleza. Kitanzi cha namna hiyo hujikaza yoyo ikivuta, na ukipumzika unakilegeza kwa ukucha. Hilo la kulegeza wengi hawalifanyi. Wanarusha, wanadaka, wanarusha tena, na kila mrusho unakaza kidogo juu ya mkazo uliotangulia, mpaka kidole kinaanza kufa ganzi. Mpwa wangu analegeza kila anapoisubiri zamu yake, bila hata kuangalia.

Halafu kuna mahali pa kukiweka. Mkono wenyewe ukiachiwa uamue, hukisukuma kitanzi hadi shinani mwa kidole, pale pete inapokaa. Pale ngozi ya ubavuni ni laini, uzi unasugua na vidole vya jirani, na nguvu yote ya mvuto inaishia penye nyama. Kinatakiwa kikae pingili ya kati, baina ya viungo viwili vya kidole cha kati. Hapo kuna mfupa wa kukishika, na kidole kikijikunja kidogo kitanzi hakichomoki. Wako wanaokiweka mbele zaidi, karibu na ncha, hasa wanapotaka yoyo ijibu haraka. Mimi nimejifunza kukihamisha: nikianza nakiweka karibu na kiungo cha mbele, baadaye nakirudisha nyuma kidogo, ili mstari ule ule wa ngozi usibebe jioni nzima.

Urefu wa uzi nao una neno. Unasimama, unaiacha yoyo iguse sakafu kati ya miguu, na uzi unaukata usawa wa kitovu, ukibakiza kidogo cha kufungia fundo jipya. Nyuzi zinazouzwa hukatwa kwa mtu mrefu. Mtoto akipewa uzi huo, inambidi arushe mkono ukiwa juu kichwani ili yoyo isigonge sakafu, na hapo mkono hauna tena mwendo wa kawaida.

Sasa mrusho. Nilidhani ni kitendo cha bega. Ni cha kiwiko na kifundo cha mkono. Yoyo inakaa kiganjani, kiganja kikitazama juu, uzi ukitokea kidoleni na kupita juu ya yoyo, si chini yake. Unaukunja mkono mpaka ngumi iwe karibu na sikio, kisha unaushusha na kuumalizia kwa kifundo, yoyo ikibingirika kutoka kwenye ncha za vidole. Ikishatoka, unageuza kiganja kitazame chini. Basi.

Kilichokuwa kinaniumiza ni kile kinachofuata, yaani ile nukta uzi unapoisha. Yoyo za chuma za siku hizi zina uzito wa gramu 65 hivi, na za plastiki hazitofautiani sana nazo. Mfukoni uzito huo huusikii. Lakini ikishuka kwa kasi na kusimamishwa ghafla, kishindo chote kinapokelewa na mstari mwembamba wa uzi juu ya ngozi. Aliyewahi kuteka maji kisimani anaujua mtego huu: ndoo ikiachiwa idondoke na kamba ikashikwa kwa ukaidi, inakata kiganja, mkono ukiifuata kidogo, haikati. Mkono wa kurushia nao ufuate. Yoyo inapokaribia mwisho wa uzi, mkono ulegee na ushuke kidogo pamoja nayo. Kidole kinasalimika, na yoyo inabaki chini ikizunguka badala ya kuruka kurudi juu kabla hujaiita.

Hapo ndipo mpwa wangu alinipa kisa ambacho nilikwenda kukisoma mwenyewe nikakuta ni cha kweli. Aprili 1985, chombo cha anga cha Marekani, Discovery, kilibeba vitu vya kuchezea vya watoto ili ionekane vinafanyaje kazi pasipo uzito, na mwanaanga David Griggs alicheza yoyo humo. Ilishuka na kurudi vizuri tu, hata ikirushwa polepole sana. Kilichoshindikana ni kuilaza, yaani kuiacha ibaki mwisho wa uzi ikizunguka bila kurudi. Hakuna uzito wa kuishikilia mwisho wa uzi, kwa hiyo ikifika huko inadunda na kurudi. Kwetu huku chini ardhi inaivuta bure, kazi hiyo imeshafanywa. Nilikuwa naongeza mvuto wangu juu ya mvuto huo, kisha nashangaa kidole kimevimba.

Kulala kwenyewe kunategemea jinsi uzi ulivyoshika mhimili. Pedro Flores, Mfilipino aliyehamia Marekani, alipofungua kiwanda chake cha yoyo Santa Barbara, California, mwaka 1928, yoyo zake zilikuwa na uzi uliozungushwa tu kwenye mhimili, haukufungwa. Uzi ukifungwa, yoyo inajua mambo mawili, kushuka na kupanda. Ukizungushwa tu, inaweza kusimama chini na kuzunguka, na michezo yote ya leo imejengwa juu ya hapo. Biashara yake ilinunuliwa baadaye na Donald Duncan, na jina lililokaa kwenye maduka ni la mnunuzi. Mambo ya biashara ndivyo yalivyo.

Mama alipita na kikombe cha chai akasimama kunitazama. "Baba, na umri wote huo?" Nikamwambia, "Mama, haya ni mazoezi ya mkono, kutwa nzima niko kwenye kompyuta." Hakunijibu, ila hakuondoka mpaka alipoona imelala mara moja na kurudi mkononi.

Kudaka kuna maumivu yake, nayo hayasemwi sana. Yoyo ikirudi kwa kasi ikakuta kiganja kimetazama pembeni, inagonga vifundo au kucha. Kiganja kitazame chini na kingoje. Kisiifuate yoyo katikati ya njia. Na kama inarudi kwa ukali kuliko ulivyoiita, tazama uzi. Kila mrusho huusokota uzi kidogo, ama kuukaza ama kuulegeza. Ukikaza mno, unaung'ang'ania mhimili na yoyo hailali, inarudi kama imetukanwa. Dawa yake haigharimu kitu: toa kitanzi kidoleni, shika ncha ya uzi, iache yoyo ining'inie mpaka uzi ujisokotoe wenyewe. Uzi uliochafuka nao hukwaruza, utupe. Wa pamba ni mpole kidoleni lakini hukatika mapema. Wa poliesta hudumu, ila ukipita kwa kasi juu ya ngozi unaunguza.

Nilijaribu pia plasta. Inasaidia pale ambapo ngozi imeshachubuka, sina ubishi nayo, na wapo wanaovaa glavu yenye kidole kimoja tu. Lakini plasta juu ya kitanzi kilichobana ni kuficha. Kidole kikipoteza rangi au kikafa ganzi, kitanzi kitoke, mkono upumzike, na kama maumivu yanabaki mpaka kesho yake, yoyo isubiri.

Mpwa wangu sasa ananishawishi nihamie kwenye ya chuma kama yake, yenye beringi, ambayo haitikii ukiivuta. Inalala muda mrefu mno, na ili irudi unakunja uzi na kuuingiza katikati mwake ukanaswe. Anaifanya kwa mkono mmoja huku anaongea. Nimemwambia asubiri. Kwa anayeanza, naona ile inayorudi ukiivuta ni mwalimu bora: ukirusha vibaya inakuambia hapo hapo, mrusho kwa mrusho. Ile nyingine inasamehe mrusho mbovu kwa sababu inalala tu hata ikiwa imeinama, na kosa linakuja kuonekana baadaye, uzi ukiwa umeshajifunga fundo kwenye beringi. Yangu bado inainama kushoto. Mpaka itakaposhuka wima, ya chuma ibaki kwake.