Kijivu Kinanitosha

Mwezi haujaandama, kwa hivyo wavuvi wa omena wako kazini. Omena hufuata taa, na mbalamwezi ikiwaka hutawanyika ovyo ziwani. Ndiyo maana usiku wa giza ndio usiku wa pesa hapa Dunga, ufuoni mwa Ziwa Victoria, Kisumu. Mimi naupenda usiku huohuo kwa sababu zangu.

Februari hii, ikifika saa tatu usiku, Orioni, kundi la nyota linalochorwa kama mwindaji, iko utosini kabisa. Ikweta inapita Maseno, si mbali na hapa, na Mintaka, mojawapo ya zile nyota tatu za mshipi, hupita karibu sawasawa juu ya mstari huo. Wakazi wa London huiona Orioni imekaa upande wa kusini. Sisi inabidi tulale chali, nami nimelala juu ya mkeka kando ya mitumbwi, mbu wakijichukulia haki yao.

Karibu na mshipi kuna nyota hafifu zilizojipanga, ndizo wanaziita upanga. Ile ya katikati ina ukungu. Hiyo ndiyo nebula ya Orioni: wingu la gesi na vumbi lenye upana wa takriban miaka 24 ya nuru (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja), lililo mbali nasi miaka ya nuru ipatayo 1,340. Ukiikodolea macho inafifia. Ukitazama pembeni kidogo inajitokeza. Kitovu cha jicho hakina seli zile za kuonea gizani, ziko pembeni, na seli hizo hazijui rangi. Basi unachokipata ni doa la kijivu. Ukiwasha simu hata mara moja, subiri tena kama nusu saa.

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja betri ya taa yake aliniomba darubini. Akatazama kitambo.

"Nyathina, huu ni moshi. Ile picha ya simuni ilikuwa nyekundu."

"Ni hiyohiyo, Jaduong'. Kamera hukusanya mwanga muda mrefu, jicho haliwezi."

"Langu linakusanya tangu nizaliwe," akasema, akanirudishia darubini yangu.

Sikuwa na jibu. Lakini wekundu ule si uongo. Katikati ya wingu mna nyota changa zenye joto kali, na mionzi yake ya urujuanimno hung'oa elektroni kutoka kwa atomu za haidrojeni. Elektroni ikinaswa tena na kushuka ngazi kwa ngazi, hutoa mwanga, na mwingi wa mwanga huo ni mwekundu.

Kisa cha rangi ya kijani ndicho ninachokipenda zaidi. Mwaka 1864 Mwingereza William Huggins aliuchambua mwanga wa nebula moja kwa spektroskopu, kifaa kinachotenganisha mwanga kuwa rangi zake, akakuta mstari wa kijani usiolingana na elementi yoyote iliyojulikana. Baadaye wataalamu wakaibunia elementi mpya na jina lake kabisa, nebuliamu. Ikakaa vitabuni hadi 1927, Mmarekani Ira Bowen alipoonyesha kwamba ni oksijeni, hii hii tunayovuta, ila imepoteza elektroni mbili. Duniani atomu ya namna hiyo hugongwa na nyingine kabla haijawahi kutoa mwanga huo. Kule gesi ni nyepesi kupita kiasi, maelfu machache tu ya atomu katika nafasi inayotosha ncha ya kidole, kwa hivyo inapata wasaa wa kung'aa. Yaani ule ninaouita ukungu ni mtupu kuliko chupa iliyofyonzwa hewa. Unaonekana kwa sababu ni mkubwa mno.

Mwisho wa Aprili, saa kama hizi, itakuwa zamu ya nebula ya Carina upande wa kusini, juu ya ziwa, mji ukiwa nyuma yetu. Ni kubwa kuliko ya Orioni kwa mbali, na Ulaya bara hawaioni kamwe. Ndani yake mna Eta Carinae, nyota iliyolipuka mwanga miaka ya 1840 hadi ikashindana na Sirius, nyota inayong'aa kuliko zote usiku, kisha ikafifia. Taabu ni kwamba Aprili ni mvua, na mawingu ya Kisumu hayana adabu. Nimemwambia mzee. Amesema nimpigie simu kwanza, yeye ndiye anayejua ni usiku gani ziwa litakuwa na giza, na nikija nisisahau dawa ya mbu.