Nilivyopata majibu ya vipimo vya maji baada ya behewa la dizeli kulala kijijini kwetu (na acheni kuambiana mnywe maziwa)

Jamani, aliyeanzisha ile habari iliyozunguka kijijini baada ya dizeli kumwagika kwenye maji yetu, ya "chemsha tu maji, yakichemka kila kitu kinakufa" naomba siku moja nikutane naye. Dizeli haina roho, inakufaje? Ukichemsha maji yenye mafuta unachofanya ni kujaza mvuke wake jikoni, watoto wamekaa hapo wanasubiri uji wanauvuta, na wewe unajiona umeokoa familia. WaterGuard, ile dawa ya kutibu maji, hivohivo, inaua vijidudu vya kuhara, kwenye mafuta haina kazi. Na maziwa, eti yanatoa sumu! Hayo nitayarudia maana yananipandisha presha.

Mimi nakaa upande wa Mpwapwa, kijiji sikitaji, na wenye mzigo siwataji maana mambo bado yanaendelea. Tuko kwenye reli ya zamani, sio SGR, ile mpya ya umeme. Watu wa huku wanajua, kipande cha Kilosa kuja Gulwe mvua zikizidi maji yanakula tuta, mafundi wanajaza mawe, mvua nyingine inakula tena. Na ajali za reli sio hadithi kwetu, Igandu ni hapahapa Dodoma, 2002 treni ya abiria ilirudi nyuma ikagonga ya mizigo, watu 281 wakafa. Sasa yetu haikuua mtu, namshukuru Mungu, ilikuwa ya mizigo tu, usiku, mabehewa machache yakatoka relini na moja la tenki likalala ubavu juu ya korongo letu. Korongo ndo maji yetu. Kiangazi tunachimba mchanga tunachota na kata, ng'ombe wanakunywa hapohapo, kila kitu hapohapo.

Asubuhi nikakuta watu wameshafika na madumu. Kuna mmoja kapita usiku anasema ni mafuta ya kula! Yaani mama mmoja alishabeba na sufuria. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, nikawaambia mmesahau Msamvu? Agosti 2019 pale Morogoro lori la mafuta lilianguka, watu wakaenda kuchota, moto ukawaka, waliokufa walipita mia moja. Wachache wakarudi nyuma. Wengine mpaka kijana wangu alipopiga picha ile sahani ya rangi ya chungwa ubavuni mwa tenki, ina namba mbili, juu 30 chini 1202. Akaangalia kwenye simu, 1202 ni dizeli. Hiyo picha itunzeni kichwani, ilikuja kunisaidia sana baadae wenye mzigo walipoanza kusema tenki lilikuwa "karibu tupu" na kilichomwagika ni "uchafu wa kuoshea". Ikitokea kwenu, kabla hata ya kupiga picha watu na mabehewa, piga picha namba. Simama mbali tu, upepo ukutokee mgongoni, vuta kwa zuum.

Haya, maziwa. Mtoto wa jirani alibugia maji ya korongoni siku ileile, mdomo unanuka mafuta. Bibi yake akamkamata akamnywesha maziwa kikombe kizima na kumtia kidole atapike. Mimi nimesoma mpaka la saba tu lakini redio nasikiliza, mtu aliyemeza mafuta ya taa au dizeli hatapishwi, kwa sababu yakipanda juu yanaingia kwenye mapafu, na hapo ndo panapoua. Mtoto akaanza kukohoa na kupumua kwa shida, tukampakia kwenye bodaboda mpaka kituo cha afya, alilazwa, amepona, sasa hivi anacheza mpira kama kawaida. Bibi yake mpaka leo anasema maziwa ndo yalimponya. Sibishani na mkwe wa mtu.

Zahanati yetu nayo, siwalaumu sana, ila wiki ile kila aliyekwenda na kichwa, macho kuwasha, kifua kubana, kichefuchefu, alirudi na karatasi ya UTI au taifodi. Wote! Hadi mzee mmoja ambaye shida yake ilikuwa macho akapewa dawa za UTI. Ndo nikaona hapa tusipoandika wenyewe hakuna atakayejua kitu. Mimi ni katibu wa kikoba, daftari ninalo na kuandika naandika. Nikachora mistari: jina, kitongoji, unachota wapi, dalili imeanza lini, ulienda wapi ukaambiwa nini. Nikapita nyumba kwa nyumba na mama mwenzangu wa kikundi, wakina mama wanasema ukweli ukiwakuta wanapepeta, ukiwaita mkutanoni wananyamaza. Halafu, hapa ndo akili yangu ilipotulia, nikaandika na wale WASIOUMWA. Kila mtu alinicheka, eti unaandika wazima wa nini. Nilipomaliza ikaonekana waziwazi, wanaochota kisima cha shule ambacho kiko kilimani, juu zaidi ya reli, karibu wote wazima, wanaochota korongoni chini ya reli ndo wanaolia. Hiyo huhitaji digrii.

Sasa nifike kwa mheshimiwa. Alikuja kiongozi, cheo chake mezeni tu, na gari mbili na watu wa kamera. Mwenyekiti wetu wa kijiji alishapanga viti. Mheshimiwa akahutubia, maji ni salama, msisikilize wapotoshaji, akaomba glasi ya maji ya hapa kijijini, akaletewa, akanywa yote, akajifuta mdomo, watu wakapiga makofi. Mimi nikanyoosha mkono. Mwenyekiti akawa ananikonyeza nishushe, sikushusha.

Nikasema, shikamoo mheshimiwa, tunashukuru sana umekunywa maji yetu, ila hayo uliyokunywa yametoka kisima cha shule kule kilimani, reli iko chini yake. Sisi tunachota upande huu. Naomba ruhusa nikuletee na ya huku. Nilishamtuma kijana wangu mapema, akatokea na kikombe cha bati, juu ya maji kuna rangi za upinde wa mvua zinacheza. Mheshimiwa akaangalia kikombe, akaangalia saa, akasema ana kikao Dodoma mjini. Kile kikombe bado ninacho.

Binti wa dada yangu anasoma UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, nilipomsimulia akacheka akanitumia habari za Marekani, kuna mji mdogo Ohio unaitwa East Palestine. Februari 3, 2023 treni ya kampuni ya Norfolk Southern iliacha reli, beringi ya gurudumu ilipata moto sana, mabehewa 38 yakatoka, matano yana kloridi ya vinili, kemikali ya kutengenezea plastiki za PVC. Tarehe 6 wakaichoma makusudi wakisema italipuka, moshi mweusi ukafunika mji. Mwaka uliofuata wachunguzi wa ajali wa serikali yao, NTSB, wakasema haikuwa lazima kuichoma. Na nini? Tarehe 21 Februari mkuu wa mamlaka yao ya mazingira Michael Regan na gavana Mike DeWine walikunywa maji ya bomba mbele ya kamera! Nilicheka peke yangu jikoni. Kumbe kunywa maji mbele ya watu ni dawa ya dunia nzima. Halafu maafisa wa afya waliopita kuhoji wananchi kule, saba kati yao wakaumwa koo na kichwa hukohuko. Nikamwambia binti, tafuta zaidi, hawa wenzetu waliwezaje. Alichonisomea nikakishika: kule majina ya kemikali zote hayakutoka siku ya kwanza, yalitoka kidogokidogo, na vipimo vya mwanzo vya maji vilichukuliwa na mkandarasi wa kampuni hiyohiyo ya reli, watu wakalalamika. Kwa hiyo swali sio "mmepima?" tu. Nani amepima, amechota wapi, amepima kitu gani.

Kupima. Hapa kuna mjomba mmoja, fundi bomba, anajua kila kitu, akaniambia chukua chupa ya soda, ioshe na sabuni ya unga vizuri, chota, peleka maabara mjini. Nikapanda gari, nauli ya kwenda na chakula na kurudi, sijui elfu ishirini na kitu, chupa nimeifunga kwenye kanga kama mtoto mchanga. Nafika mapokezi, yule kijana wa maabara akaiangalia chupa, akaninusia kanga, akaniuliza kwa heshima kabisa, mama hii iliwekwa sabuni? Nikasema ndio, tena nyingi! Akakaa chini akanielewesha na nimemuombea dua. Maji ya kupimwa mafuta yanawekwa kwenye chupa ya glasi, ya rangi nyeusi ikipatikana, na chupa zinatoka kwao wenyewe. Plastiki inanyonya mafuta, sabuni inaharibu majibu. Unajaza mpaka juu kabisa isibaki hewa maana kinachoruka kinarukia kwenye hiyo hewa, ukifungua kimeondoka. Unaweka kwenye ndoo ya barafu, unafikisha haraka. Na hata ningefanya vyote hivyo, akasema, majibu yako yatakuwa yako tu, wakikuuliza nani ameshuhudia ukichota utasema nini? Chupa ya soda nikamrudishia mjomba mwenyewe.

Kwa hiyo ilibidi mchotaji awe wa serikali. Bwana Afya wa kata akasema hana maelekezo. Mtendaji akasema jambo liko ngazi ya juu. Ngazi ya juu wakasema "tunalifanyia kazi". Hii kauli ukiisikia jua umefika ukutani.

Ujanja ukaja kwa mwalimu mstaafu, mzee wetu, nilimpelekea kuku. Akaniambia mwanangu, wewe unalalamika, mtu akilalamika anajibiwa pole. Usilalamike. Omba karatasi. Kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016, raia akiomba taarifa kwa maandishi ofisi inatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Tukakaa chini ya mwembe tukaandika ukurasa mmoja, hakuna kulia wala kutukana. Naomba nakala ya majibu ya vipimo vya maji na udongo vilivyofanyika baada ya tukio, yakionyesha tarehe, mahali palipochotwa, aliyechota, na vitu vilivyopimwa. Halafu mzee akaongeza mstari wa mwisho, nikamwambia mzee wewe ni hatari: "Endapo vipimo havikufanyika, naomba nijulishwe kwa maandishi kwamba havikufanyika."

Uone utamu wake. Akisema vimefanyika, alete. Akisema havijafanyika, aandike na asaini, na mheshimiwa alishakunywa glasi mbele ya kamera. Chini tukaweka Nakala: Mkuu wa Wilaya, NEMC (baraza la mazingira), RUWASA (wakala wa maji vijijini), diwani. Nikaambatanisha picha ya 1202 na kopi ya daftari, majina nimeyafunika na karatasi wakati wa kutoa kopi, magonjwa ya watu sio ya kusambaza. Steshenari walinila elfu kadhaa, wino wao hafifu.

Pale ofisini dada wa masjala akasema weka tu hapo mezani mama. Hapo wengi ndo wanapopotelea! Nikasema mwanangu, naomba mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, na tarehe. Akasema mhuri anao bosi. Nikasema nitamsubiri bosi. Nilibeba mihogo ya kuchemsha, nikakaa kwenye benchi nakula taratibu. Kabla ya saa saba mhuri ukapatikana, kumbe ulikuwa kwenye droo.

Siku 30 hata hazijafika tukaona gari limekuja, Bwana Afya yuleyule asiye na maelekezo kavaa glavu, wana chupa za glasi na ndoo ya barafu. Mwenyekiti akasaini kushuhudia, mimi nikapiga picha kila walipochota, na nikawaonyesha pale mchanga unaponuka ukichimba kwenda chini, maana juu palishakauka panaonekana pazuri. Majibu yakaja na barua: visima vya mchanga chini ya reli vina mafuta, visitumike. Visitumike, mhuri, sahihi. Wenye mzigo wakaanza kuleta boza la maji, siku nyingine linakuja siku nyingine halionekani, wakachota udongo mweusi wakaondoka nao. Wenye mbuzi waliokufa wamelipwa baadhi, walioandikwa kwenye daftari langu ndo walioanza kulipwa kwa sababu tarehe zilikuwepo. Waliosema naandika umbea wakaja usiku kuuliza kama bado kuna nafasi, tarehe ya nyuma siandiki.

Jumla nimetumia kama laki na nusu hivi, ukiacha kuku wa mwalimu. East Palestine kampuni ilikubali kulipa dola milioni 600 kwa wakazi na wenye biashara, na hata hivyo utafiti wa afya zao wa miaka mitano ulitangazwa Juni 2025, zaidi ya miaka miwili baadae. Sisi boza.

Kijana wa maabara aliniambia mafuta kwenye mchanga yanakaa juu ya maji ya chini, mvua ikija yanasogea, kwa hiyo kisima kilichopimwa safi leo kinaweza kubadilika. Nimeshapeleka barua ya pili ya kuomba ratiba ya kupima tena baada ya mvua, na mstari wa mzee upo uleule. Dada wa masjala siku hizi akiniona mlangoni anafungua droo kabla sijasalimia.